Kikombe Ambacho Léonard Hakuonja

…na kwa nini iwe mimi, kwa nini sahihi itoke kwangu mimi mke tu, wakati kaka wa mume wangu wa tumbo moja amesimama pale mlangoni, Léonard, mkono mmoja wa shati umekunjwa, kipande cha pamba kimebandikwa juu ya mshipa, siku mbili juu ya pikipiki kutoka Walikale, na muuguzi Valérie alipomnyooshea karatasi akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka, "hapana, Mama Elodie njo bibi yake, yeye njo atie signature," upole gani huo, shemeji, tangu lini ukoo wa mume unamwachia mwanamke neno la mwisho, ujanja huo naujua, Séraphin akifia huko ndani mtasema ni mimi, Adelaïde, mkono wangu uko kwenye karatasi, na Lushebere nzima itaninyooshea kidole… "Mama Elodie, docteur iko anangojea," Valérie ananiambia, nimeshika kalamu, bado iko hewani, daktari mwenyewe ni mgeni, kaja kwa wiki moja halafu arudi alikotoka, wiki moja! hata fundi wa bati hungoja mvua inyeshe aone kama panavuja, na huyu anataka kumfungua mume wangu fuvu, hapa juu ya macho, atoe uvimbe mkubwa kama yai la bata, nimeuona kwenye picha tuliyopiga Goma, doa jeupe nyuma ya paji la uso, lakini picha ni ya nani, jina huandikwa na mtu, na mtu hukosea, au hulipwa akosee, mimi ninajua kilichomwingia Séraphin, ni karuho, ile sumu ya polepole, anayekupa anakaa anakutazama ukikauka mwaka mzima, na alipewa Krismasi iliyopita nyumbani kwa Léonard, kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe cha buluu, na kwetu hata mtoto anajua kwamba anayekupa pombe huonja kwanza mbele yako, funda moja, ndipo akupokeze, Léonard hakuonja, alimpa hivi hivi, anacheka, "mi nilishaacha pombe, mudogo wangu, niliahidi kanisani," ahadi gani hiyo inayomshika mtu siku ileile ya kuonja, na Februari kichwa kikaanza kuuma, mnataka ushahidi gani tena… nikampeleka kwa Papa Jérémie anayetibu karuho, miezi saba, kila asubuhi kikombe cha majani machungu, anatapika mpaka machozi, na siku moja Papa Jérémie akachokoa beseni la matapishi kwa kijiti akainua uzi mweusi, "unaona? njo hii," na Jumapili iliyofuata, Léonard amekuja kumwona mgonjwa, nikasimama kanisani nikamtaja kwa jina, akaondoka bila kula…

"Usiogope, Mama, kile kitu kinakomaaka polepole," Valérie anaendelea, sikumsikiliza mwanzo wake, "docteur alisema iko mule pengine tangu miaka kumi," miaka kumi, nani aliihesabu, alikuwepo? huyu ndiye daktari aliyeniuliza jana swali la ajabu, eti Séraphin anasikia harufu, nikamjibu, docteur, kichwa njo kinamuuma, hapana pua, nikaona ananichezea, mtu anaumwa kichwa wewe unauliza harufu… harufu… maharage… Mungu wangu, maharage. Elodie alikuwa bado ananyonya, nilikwenda mtoni kufua nguo, nilipokuwa narudi nilisikia harufu ya kuungua tangu shambani kwa jirani, nikakimbia, na Séraphin ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye sufuria, amegeuza mgongo, anachonga mpini wa jembe, "sikusikia kitu," akasema, nikamtukana siku tatu, mvivu, mwenye kiburi, na baadaye maziwa yaliyochacha akayanywa yote akashukuru, nikageuza kuwa mzaha, kila mgeni akija nasema pua ya Papa Elodie ni pambo tu, watu wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote… Elodie ana miaka tisa sasa. Tisa. Kilikuwa mle, ndicho kilichomziba pua. Kabla ya Krismasi, kabla ya kikombe cha buluu, kilikuwa mle kinakua huku mimi ninacheka.

Basi Léonard… jana waliposema damu ya kumfaa Séraphin imekosekana, alikunja shati kabla hawajamaliza kusema, nami nilikaa nimeukodolea macho mfuko ule ukijaa, nikiwaza anamtilia nini tena mume wangu, Ee Bwana, nilimwazia hivyo, na labda karatasi ameikataa kwa sababu nilimtaja mbele ya watu, anajua mkono wake ukigusa kitu chochote cha Séraphin nitasema ameua, si ujanja ule, ni woga, mtu mzima anamwogopa mke wa mdogo wake, ananiogopa mimi… "Mama? Utatia ao hapana?" nitatia, dada, ngoja kidogo, kalamu haijagusa karatasi, na Séraphin amelala pale kwenye kitanda cha magurudumu, kichwa kimenyolewa, mifupa ya mabega inataka kutoboa shuka, na daktari alisema jana, uvimbe wa namna hii haumkondeshi mtu hivi, akaniuliza, alikuwa anatapishwa na nini? nikatazama ukuta… miezi saba, si Léonard, si mwingine, ni mimi, kwa mikono hii, "kunywa yote, Papa Elodie, usiache kitu," na yeye akanywa, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe, ananiamini, na hakuna asubuhi hata moja nilipoonja kwanza.