Shangazi Namsifu Ndani ya Ramani

Usingizi unamchukua Nakijwa mezani, mchana wa jua kali, mbele ya kompyuta ambamo kijiji chao cha Upareni kimetoka kuchomwa moto kwa mara nyingine. Kijiji alikichora mwenyewe, kiwe uwanja katika mchezo wa vita usio na mwenyewe, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua tumbo, kuugeuza atakavyo na kuugawa bure. Wachezaji hupeana zamu, huyu akisogeza jeshi lake, yule anangoja. Alikichora kwa mapenzi, hadi nyumba ya Shangazi Namsifu aliyemlea, akauachia ulimwengu, na ulimwengu unakichoma. Anafumba macho na tayari yuko barabarani, barabara ya vigae vya pembe sita, na kila anapokanyaga kijiji kinahama, kanisa liko kushoto, kisha kulia, kisha pande zote mbili kana kwamba katikati pana kioo, naye anazidi kwenda na barabara inazidi kumrudisha. Ubavuni mwake anatembea mtu asiye na uso. Wewe nani, anauliza Nakijwa. Mimi ni yule anayengoja umalize zamu, anajibu mtu yule. Juu ya kilima limesimama jeshi, kila askari ameinua mguu mmoja na hakuna mguu unaotua, na chini yake, jikoni, Shangazi ameinamia chungu cha makande, mwiko hewani, moshi umeganda kama pamba. Shangazi, twende, wanakuja! Hasikii. Nakijwa anamvuta mkono, ni kama kuvuta mwamba. Ulimchora pamoja na nyumba, anasema asiye na uso, na nyumba haikimbii. Basi nitambadilisha, anasema Nakijwa, mchezo huu si uko wazi? Uko wazi kama kisima, anajibu, anayechota na anayezama wote hupita mdomo mmoja.

Nakijwa anapiga magoti, anabandua kigae cha jikoni, na chini yake maandishi yanatambaa kama siafu. Anayasoma, anayapanga upya ili Shangazi aweze kutembea kama askari, na anapofikia neno la mwisho yule mtu anamshika bega. Anayeweza kutembea, anasema, anaweza kupigwa. Nyumba huchomwa ikajengwa tena zamu ijayo. Askari akianguka, ameanguka. Mkono wa Nakijwa unasita, jasho linamdondoka juu ya maandishi, anamtazama Shangazi aliyeinama milele, kisha analiandika. Moshi unapanda. Shangazi ananyoosha mgongo, anafuta mikono kwenye kanga. Nakijwa mwanangu, mbona umenichelewesha hivi? Shangazi, kimbia upande wa bondeni! Nikimbie? Shangazi anatazama kilima, anatazama chungu, anajifunga kanga kiunoni. Hao wakishuka watawakuta watoto wa jirani kwanza. Maliza zamu yako, mama, nipate njia. Nakijwa anakataa, analia, na yule mtu anangoja, na jeshi linangoja, na Shangazi anangoja mlangoni akiwa amemkazia macho, mpaka hatimaye Nakijwa anasema, nimemaliza, na miguu yote ya kilimani inatua kwa kishindo kimoja.

Anazinduka, shavu limelowa. Anapapasa simu, anapiga nyumbani. Shangazi, uko wapi? Niko njiani, inajibu sauti ikihema, si wewe uliyeniruhusu? Nyuma ya sauti ile, watu wengi wanatembea kwa hatua moja.