Geti Halina Ndani

Mkokoteni ulishakata kona ya kwanza, kitanda kiko juu miguu hewani kama mbuzi aliyekufa, na jirani bado anatufuata na ushauri.

"Mpeleke akaombewe," alimwambia mpwa wangu, mama wa mtoto. "Au mnyime sukari."

Huyo ndiye aliyezungusha karatasi nyumba nzima watu watie saini, kwamba mtoto anapiga kelele na mama mwenye nyumba awatoe. Saini yake ilikuwa ya kwanza. Sasa anagawa dawa bure.

Nimetembea miji mingi, na shule nimeisoma kwa vipande, darasa moja huku, nusu darasa kule. Lakini jambo hili halihitaji shule. Mjukuu wangu wakati huo alikuwa na miaka tisa. Ana usonji, hasemi, na mambo yakimzidi anaziba masikio na kupiga yowe. Amezaliwa hivyo. Hakuna aliyemroga na hakuna atakayeambukizwa. Nimeyasema haya mpaka mate yamenikauka, na kila nikimaliza kuna mtu anauliza, "Lakini si anajua sana hesabu? Nasikia wako hivyo."

"Hajui hesabu," mpwa wangu hujibu. "Anajua kula, anajua kulala, na anajua asichokitaka."

Tulikuwa tunahamia kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye vyumba sita uani nyuma ya karakana yake. Fundi hakuambiwa habari za mtoto. Mpwa wangu alishakataliwa na wenye nyumba wanne kwa kusema ukweli, kwa hiyo safari hii nilimshauri afunge mdomo, nikaenda kukikodi chumba mimi. Tumwingize mtoto, tutandike vitanda, halafu tuone nani ana moyo wa kututoa. Mzee mzima, nikajiona nina akili.

Mpwa wangu naye alikuwa na mpango wake. Mtoto huyu ukimtupa mahali pageni ghafla umetafuta vita. Basi wiki mbili, kila siku saa kumi, alimtembeza njia nzima mpaka kwenye geti la fundi. Mtoto analigusa geti mara tatu, wanarudi. Kesho tena. Kazi ya subira, na ilizaa: siku ya kuhama alitembea nyuma ya mkokoteni ametulia tuli, mpaka nikaanza kujisifu mimi.

Akafika getini. Akagusa mara tatu. Akageuka, akaanza kurudi alikotoka.

"Wapi tena?" aliuliza mvuta mkokoteni, baba mmoja mwenye ndevu za mvi.

Mpwa wangu alishika kichwa. "Mjomba, nimemfundisha kurudi."

Nikamkamata mtoto mkono. Hapo nikaharibu zaidi. Alipiga yowe lililofungua madirisha, akaketi katikati ya barabara. Watu wakatoka. Mtaa mgeni, maneno yale yale.

"Mchapeni huyo."

"Mtoto wa mapepo hachapwi."

"Mama wa siku hizi, kazi yao kuzaa tu."

Bwana mmoja akatoa simu apige picha. Mvuta mkokoteni akaenda kusimama mbele yake na mgongo wake mpana.

Fundi akatoka, miwani yake myeusi imepanda kwenye paji la uso. "Kumbe nyinyi," alisema. "Siku zote mnalishikashika geti langu, nikadhani mnataka kuagiza kama hilo."

"Huyu ni mpangaji wako mpya," nikawahi. "Mtoto anaumwa kidogo. Tumbo."

"Mjomba, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi karibu na mwanawe, hamgusi, anamngoja tu. Akamtazama fundi. "Haumwi. Ana usonji, na kesho atakuwa nao, na keshokutwa. Atapiga yowe tena. Hatakusalimia. Kama unanikataa, nikatae sasa, vitu vingali juu ya mkokoteni."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungenipa chumba?"

Fundi alifikiri. "Nisingekupa."

"Basi."

Watu walikuwa wanangoja hukumu. Fundi alijikuna shingo. "Hapa anataka nini?"

"Hataki kitu. Kwake geti ndio mwisho wa safari. Sikumwonyesha kwamba kuna ndani."

Fundi alilitazama geti lake. Akasema neno ambalo siliandiki, akaingia karakana, akarudi na nyundo. Akagonga pini za bawaba, akaling'oa geti zima. Yeye na mvuta mkokoteni wakalibeba mpaka uani, wakaliegemeza ukutani kando ya mlango wa chumba. Mtoto alipoona geti linatembea, alinyamaza. Akainuka, akalifuata.

Akaligusa mara tatu. Akageuka, akaenda hatua kumi, akasimama, akarudi kuligusa tena. Alifanya hivyo mpaka jua likapinda. Kisha akakaa chini, mgongo kwenye chuma, na mama yake akamletea shuka lake.

Mpangaji wa chumba cha tatu alitoka na jogoo kwapani. "Kwa hiyo uwanja ubaki wazi, tuibiwe, kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Wewe ulikuja na jogoo asiyejua saa, nikanyamaza," fundi alimjibu.

"Jogoo wangu hajang'oa geti."

"Niliyeling'oa ni mimi. Kanishtaki."

Geti lilikaa ukutani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili fundi alilirudisha mahali pake, mtoto akapiga yowe asubuhi nzima. Kesho yake hakupiga. Mpangaji wa jogoo alihama mwezi uliofuata, akasema ni kelele. Mama mwenye nyumba wa zamani alikipangisha kile chumba kwa mtengeneza redio. Jirani wa ushauri hukutana na mpwa wangu sokoni, na bado anamshauri. Mvuta mkokoteni sikumwona tena. Fundi hajalishika neno usonji, husema "yule wa geti". Akisikia mtu anamwita mwehu, humtoa karakana. Mpwa wangu bado anaishi pale, anashona nguo za watu. Mtoto sasa ana miaka kumi na mmoja na bado hasemi. Shule mbili zimemkataa, ya tatu humpokea siku mbili kwa wiki. Mimi nilikaa mwezi mmoja, kisha nikaendelea na safari.