Mswaki wa Aroni

Alistidia alikuwa akimenya ndizi za mchana mlangoni pa jiko, huko Maruku, mwaka 1987, mumewe Aroni alipotokea kibanjani, kati ya migomba, na kuanza kupiga mswaki. Aroni alikuwa amezikwa siku tisa nyuma, kwenye migomba hiyo hiyo. Alisugua bila haraka, kama alivyozoea tangu aliporudi vitani, akasukutua, akaukung'uta mswaki mara tatu, akausimamisha kwenye kopo la uani, kichwa juu, ukauke. Kisha akaenda zake.

Aroni alipoanza kuugua, nesi ndiye aliyesema kila mtu awe na mswaki wake, na hakukosea. Ila Ma Kokushubila, mama yake Aroni, aliongezea kikombe, halafu sahani, halafu kigoda, na ugonjwa ulipokolea, kitanda. Mswaki ndio uliotangulia kutolewa nje. Aliyeutoa ni Alistidia, kwa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo lilimtafuna kuliko msiba wenyewe.

Jioni aliurudisha chumbani, kwenye bilauri pamoja na wake, kama zamani. Asubuhi ulikuwa nje. Akaurudisha tena, ukatoka tena. Siku ya nne akamngojea.

"Aroni, bojo, tafadhali, weka ndani. Nimekukumbuka."

"Mama alikataza," alisema Aroni, povu mdomoni.

"Si umeshakufa?"

"Ndiyo. Lakini hajasema nirudi."

Hilo lilikuwa kweli. Alistidia akamwendea mama mkwe, aliyekuwa akianika kahawa. Ma Kokushubila alisikiliza, akauliza kama mwanawe amenenepa. Akaambiwa amenenepa kidogo. Alifurahi hadi akafuta machozi. Akasema asalimiwe sana, ila mswaki ubaki huko huko nje, maana majirani wana macho.

Basi Alistidia akautoa wa kwake, akaupeleka kwenye kopo la nje, ukae na mwenzake. Usiku ule alilala vizuri, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kulipokucha aliukuta wake chumbani, kwenye bilauri, umeoshwa, umekauka. Aroni alikuwa amelihamisha kopo lake hatua kumi zaidi, karibu na kaburi, asije akamwambukiza. Alistidia akaacha ndizi, akamfuata kwenye umande.

"Ishia hapo hapo, mke wangu," alisema Aroni kwa upole, akaendelea kusugua.