Chumba Kilichogoma Kurudi

Moto ulikuwa umeshavuka mlima, na mlinzi wa kambi alikuwa amepita na kipaza sauti: nusu saa tu, kila mtu awe ameondoka. Verna alibonyeza kitufe kwa mara ya kumi. Kile chumba cha ubavuni mwa nyumba yake ya magurudumu, kinachosukumwa nje na kurudishwa ndani kwa umeme, kiliingia shubiri moja, kikanguruma, kikakwama. Na barabara ya msituni ilivyo nyembamba, asingefika popote kikiwa nje.

Jirani yake Orville alitambaa kutoka uvunguni mwa gari, uso umejaa masizi.

"Fyuzi ni nzima, betri imejaa, mota haina neno. Kuna kitu kimekaba huko ndani, dada. Clyde hakuwahi kukuonyesha?"

"Clyde! Miaka ishirini hakuniachia hata hicho kitufe nikiguse. Aliniachia siku aliyokufa!"

Alilisukuma kochi kando, akapenyeza mkono kwenye upenyo wa ukuta. Vidole vikagusa bati, akajua. Lilikuwa kopo la kahawa alimohifadhi majivu ya mwili wa Clyde, ayamwage ziwani kama marehemu alivyoagiza. Lilikuwa limeanguka kutoka rafuni, likajibana kwenye reli ya kupitia hicho chumba. Alivuta mpaka ukucha ukang'oka. Kopo halikutikisika.

Nje, misonobari ilianza kupasuka kwa moto.

"Orville, tia ile hendeli ya kukirudisha chumba umeme ukishindwa, uizungushe kwa mkono. Kwa nguvu zako zote!"

"Nitakiponda hicho kilichokwama. Ni nini?"

"Mume wangu," alisema Verna. "Zungusha!"