Funga ya Jumanne

"Kufunga ni kufunga," Dereva alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Unafunga mlango, unafunga duka, unafunga bomba. Umesema funga mpira, nimefunga. Kosa langu liko wapi?"

"Na gurudumu fundi wa magari analifungaje?" Ndevu alimuuliza kutoka upande wa pili wa kamba ya nguo. "Analifungia kabatini? Mpira wa akiba ulikuwa chini, miguuni pako. Nilitaka uufunge kwenye pampu uniongezee maji. Wewe ukanikatia hata yale niliyokuwa nayo."

Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro, na ua lenye vyumba sita na bomba moja lilikuwa limejaa watu wenye kazi za haraka. Jirani mmoja alikuwa anaanika shati lilelile kwa mara ya tatu. Fundi cherehani alikuwa ametoa mashine yake barazani, eti ndani hakuna mwanga, kwa jua lile.

"Mimi kifungo nakifunga kila siku," alisema Fundi, ambaye hakuulizwa, "na sijaona kikikata maji."

"Na goli je? Ukifunga goli, umekata nini?" aliongeza jirani mwingine.

"Ndoa ndiyo mbaya," alidakia mwenye shati. "Ukishaifunga, umefungwa."

Watu wakacheka. Ndevu hakucheka, maana kucheka kulimvuta bandeji ya shingoni. Jumanne, kikosi chao cha zimamoto kilipoitwa kwenye ghala la magodoro na maji yakamkatikia ndani, moto ulimlamba shingo na kumnyoa ndevu zote za upande wa kushoto bila kumuuliza anapenda mtindo gani. Alitoka kwa kutambaa, akipapasa mpira mtupu kwa mikono mpaka mlangoni. Nje alimkuta Dereva amesimama kando ya pampu, redio mkononi, ametulia kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Makao makuu, tuseme ukweli, hayakulipuuza jambo hilo. Yalileta bango. Liliandikwa MAWASILIANO NI UHAI, na chini yake palikuwa na picha ya watu wanne waliovaa suti wakichekeana. Lilibandikwa kituoni mahali pa heshima, ukutani, likaifunika soketi ya kuchajia redio. Tangu siku hiyo redio hazichajiwi, ila mawasiliano yanapendeza. Kabla ya moto huo kulikuwa na semina ya siku mbili kuhusu stadi za kusikiliza. Dereva aliipitisha akiwa amekaa nyuma kabisa, na cheti chake amekiwekea fremu.

Sasa Ndevu alikuwa na barua kwenye mfuko wa shati, ya kuomba kuhamishiwa zamu nyingine. Kiongozi wa zamu alikuwa njiani kuja kuichukua. Ikichukuliwa, kituo kizima kitajua sababu, na hapatakuwa na mtu atakayekubali kuingia kwenye moshi huku Dereva ndiye aliyeshika pampu. Miaka tisa wamekaa mlango kwa mlango, wamebebeana mpaka vitanda, na leo mambo yamefika huku. Ndiyo maana Dereva aling'ang'ania lile neno kama kupe. Neno likibeba lawama, yeye amepona. Alikuwa na jambo jingine pia, lakini hilo hakuwa na mpango wa kulitoa uani.

Kiongozi akaingia getini, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu mrefu, redio mbili kiunoni.

"Barua nitaichukua," alisema kabla hajasalimia. "Ila kwanza mniambie, zamu ijayo tutasema neno gani? Sitaki kuungua kwa ajili ya kamusi."

"Tuseme unga," alisema Dereva. "Unga mpira."

"Nikisema unga, wewe si utasikia naungua?" alisema Ndevu.

"Chomeka, basi."

Fundi akasimamisha cherehani. "Mtu yuko motoni, anaambiwa chomeka. Hata huruma hamna."

Wakaangukia kwenye leta maji na kata maji. Kiongozi akasema yajaribiwe hapohapo. Ndevu akachukua barakoa yake ya kazini, akaivaa taratibu kukwepa kidonda, akajifungia bafuni na redio moja pamoja na mpira wa kumwagilia maua. Dereva akauchomeka upande wa pili wa mpira kwenye bomba, akalifungua, akasimama hapo na redio ya pili. Majirani wakaombwa wapige kelele mfano wa pampu, na hapo hakuna aliyehitaji semina. Mabeseni yaligongwa, sufuria zikagongwa, cherehani ikanguruma.

Redio ikakoroma: "...ta maji."

"Sawa," alijibu Dereva, akafunga bomba.

"Nimesema leta," ilisema barakoa kutoka bafuni.

"Sawa," alisema Dereva, na bomba akaliacha vilevile.

Kiongozi alikuwa amesimama kushoto kwake, karibu kabisa. Akamuuliza, "Amesema nini?"

Dereva hakugeuka.

"Nimekuuliza, amesema nini?"

Aliposhtukia kwa pembe ya jicho kwamba midomo ya Kiongozi inacheza, Dereva alitoa tabasamu lake la siku zote. "Sawa, Afande."

Sufuria zikanyamaza moja baada ya nyingine. Aliyekuwa na shati akalishusha. Kiongozi akazunguka polepole mpaka kulia kwake.

"Hilo sikio la kushoto lina muda gani?"

Dereva alilitazama bomba kana kwamba ndilo lililoulizwa. Angeweza kusema ni mafua. Alikwisha kuyasema mafua hayo kwa mkewe, kwa daktari wa kikosi, kwa kila mtu.

"Miaka minne," alisema. "Ni mvumo wa pampu. Ulianza kulila kidogo kidogo."

Mlango wa bafuni ulifunguka. Ndevu alitoka barakoa ikining'inia kifuani, suruali imelowa magotini.

"Kwa hiyo Jumanne ulisikia nini?"

"Nilisikia sauti yako. Ilikuwa sauti ya kuamrisha. Maneno sikuyapata. Nikasema sawa, nikabahatisha."

"Ukabahatisha."

"Niliogopa wakijua sisikii wataniondoa kwenye gari."

"Na hii funga tunayopigia kelele tangu asubuhi?"

"Hiyo ulinitajia wewe mwenyewe, hospitali, baada ya moto. Nikaishikilia."

Fundi alifungua mdomo, akaona aibu, akaufumba. Haijawahi kutokea.

"Miaka minne," Ndevu alisema taratibu, "naingia ndani nikijua uko nje."

Kiongozi ndiye aliyeendelea, bila kupandisha sauti. "Jumatatu unakwenda kupima masikio. Mpaka hapo utaendesha gari, redio atashika mwingine. Na kuanzia leo, anayepewa amri anairudia yote kwa mdomo wake kabla hajagusa koki. Atakayejibu sawa tu ataosha gari peke yake. Hata nikiwa mimi. Na lile bango nalitoa, nataka soketi yangu." Akanyoosha mkono. "Barua."

Ndevu aliitoa mfukoni. Ilikuwa imelowa pembeni. Aliigeuza mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Njoo Jumatatu, Afande. Akishapima."

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Dereva. Yalimtoka kwa shida, kama jino.

"Si ungeniambia mimi? Hata kama hukumwambia mtu mwingine." Ndevu aliigusa bandeji. "Bado nina hasira na wewe, usije ukajidanganya."

"Najua."

Mke wa Ndevu alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote huo, mwiko mkononi. Ni yeye aliyekuwa akisafisha kile kidonda asubuhi na jioni, na tangu Jumanne salamu za Dereva alikuwa anaziacha ziangukie sakafuni. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Shemeji," alisema, "mimi nikikasirika napika kingi. Leo nimepika cha watu kumi. Afande, pita. Na wewe, usinisimamie hapo kwenye bomba kama nguzo. Nawa mikono, ingia tule."