Alama Nyekundu kwenye Picha ya Dell

Hapa kwetu milimani, picha ikinunuliwa hubandikwa alama nyekundu. Jioni ya maonyesho wageni walijaa katika duka la picha la Marlys, ninakofagia, wakanywa divai, wakaipita picha ya mzee Dell bila kusimama. Ilikuwa ya mwisho, maana mikono yake inatetemeka na hawezi kuchora tena. Alitaka tu mtu mmoja ainunue, akaitundike nyumbani.

"Mzee, acha kununa. Njoo uone," Marlys akamwita.

Dell akaiona alama kwenye picha yake, akavua kofia. "Kanunua nani?"

"Mgeni. Kashaondoka."

Dell akaenda zake akitabasamu.

Asubuhi niliikuta picha stoo, imegeuzwa kuelekea ukutani, alama bado ipo.

"Hakuna mgeni aliyenunua," Marlys akasema. "Na wewe hujui lolote."

Dell akipita huniuliza kama yule mgeni ameandika barua. Namwambia bado.