Kituo Kilichobaki

Mji mzima, kituo kimoja tu cha mafuta kilikuwa kimegoma kuingia chama cha wafanyabiashara wa mafuta na gesi, nacho kilikuwa cha shemeji yake mwandikishaji wa chama, mume wa dada yake. Ndiyo maana mwenyekiti, mtu wa tai na tumbo, alimtuma yeye akamwandikishe.

Alimkuta akifuta vioo vya pampu kwa gazeti.

"Shemeji, leo usiniletee ubishi. Ukibaki peke yako, malori ya mafuta yatakupita hivi hivi. Mwenyekiti hatanii."

"Na siku mkigoma, mimi nami nifunge?"

"Wote tunafunga. Ndiyo nguvu ya chama."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mkutanoni, lakini macho aliyakwepesha. Mgomo uliopita, gari la wagonjwa lililombeba mama yake mwandikishaji, moyo umemzidi, lilifukuzwa kituo baada ya kituo, tangi likikaribia kukauka, mpaka likafika hapa. Shemeji alitoka mbio na kandambili zake, akalijazia mwenyewe.

Shemeji hakubisha tena. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaiweka fomu juu ya pampu, akatia saini.

"Haya, mmenipata. Sasa tuko kitu kimoja."

Mwandikishaji alishusha pumzi, akaikunja fomu upesi upesi kama mtu aliyeiba. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari aliposikia shemeji akimuuliza kwa upole, bila kinyongo hata kidogo:

"Na mama je? Moyo bado unamsumbua?"